Kijana wetu si daktari, na si mwongo

Najua nimepotea siku nyingi, na wengine mmeshaanza kusema nimemezwa na theluji. Sijamezwa. Niko hapa hapa Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, nabeba maboksi kama kawaida, isipokuwa maboksi yangu mimi yana mapigo ya moyo na yanalalamika chai ikipoa. Leo asubuhi nje ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri, na hizo ni Selsiasi, siyo zile za Wamarekani. Ukitoka nje pua inasahau kazi yake.

Lakini leo siongelei baridi. Kuna maneno yanazunguka kwenye grupu la ukoo, na mengine yamenifikia kwa simu usiku wa manane, maana mnajua wenyewe huko kukicha huku ndiyo tumelala. Maneno yenyewe ni matatu. La kwanza, kwamba kijana wetu alidanganya aliposema alikuwa anatibu watu jeshini, kwa sababu daktari gani anaosha vizee? La pili, kwamba labda alifukuzwa. La tatu, ambalo limeniuma zaidi, kwamba mimi mama yake mdogo ndiye bosi wake kazini na ninambania asipande. Dada yangu, mama yake, hajapokea simu yangu tangu Krismasi. Kwa hiyo naandika hapa, msome wote kwa pamoja, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Tuanze na jeshi. Kijana alikuja huku kwa viza ya shule. Kati ya 2009 na 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, wa kuandikisha wageni waliokuwa nchini kihalali na wenye ujuzi uliohitajika, lugha zikiwemo. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Ndiyo, Kiswahili hiki hiki tulichochapiwa viboko tukikosea ngeli! Wabongo na Wakenya kadhaa walipita mlango huo, na wakapata njia ya haraka ya uraia. Yeye aliingia 2015, akapangwa upande wa tiba.

Mafunzo ya askari wa tiba wa jeshi la nchi kavu yanafanyika Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Ni kama wiki 16 hivi. Kwanza wanasoma huduma ya dharura na kufanya mtihani wa taifa wa EMT, yaani wale wahudumu wa gari la wagonjwa. Halafu wanaingia kwenye mambo ya vita: kufunga mkanda wa kubana damu mguu ukikatika, kuchoma sindano kifuani kutoa hewa iliyonasa, kuweka dripu gizani. Wanaitwa mediki. Kijana wetu aliyafanya hayo kwa vitendo huko Afghanistan. Nimeona karatasi zake, na nimeona usiku anavyoshtuka mlango ukijibamiza. Hakudanganya.

Ila hakuwahi kusema yeye ni daktari. Huko nyumbani anayeuza Panadol dukani ni daktari, nesi ni daktari, anayechoma ng'ombe sindano ni daktari. Ukoo ndio uliomvika koti jeupe, yeye alilikuta tu begani. Na hakufukuzwa. Alimaliza mkataba wake 2023, akapewa karatasi ya kumaliza utumishi, inaitwa DD-214, na yake imeandikwa ameondoka kwa heshima. Wazee wakitaka kuiona nitamwomba aipige picha.

Sasa kwa nini anaosha wazee?

Hapa ndipo watu wanapopotea, hata Wamarekani wenyewe. Ujuzi wa askari wa tiba uko mikononi mwake, lakini ruhusa ya kuutumia haikuwa yake. Jeshini kila alichofanya alikifanya chini ya mamlaka ya daktari wa kikosi au msaidizi wa daktari. Huyo ndiye aliyemfundisha, aliyemwandikia maelekezo ya nini afanye mtu akiumia hivi au vile, na ndiye aliyekuwa anawajibika. Hata pale alipokuwa peke yake jangwani na majeruhi, alikuwa chini ya mwavuli huo. Siku aliyovua sare, mikono aliondoka nayo. Mwavuli ulibaki jeshini.

Uraiani mambo ni ya leseni, na leseni zinatolewa na jimbo. Cheti chake cha EMT ni kizuri na kinahuishwa kila baada ya miaka 2, lakini kinamruhusu kufanya kazi kwenye gari la wagonjwa, chini ya daktari mkuu wa huduma hiyo. Akiingia mlango wa wodi yangu cheti hicho hakimpi ruhusa ya kuchoma mtu sindano. Minnesota wana utaratibu wa kuwaharakishia leseni askari waliostaafu, lakini hiyo ni kwa mtu ambaye tayari ana leseni kama hiyo ya jimbo lingine. Kuharakishiwa leseni siyo kupewa usiyokuwa nayo.

Kwa hiyo akaanza na mlango uliokuwa wazi, yaani CNA, mhudumu msaidizi wa wauguzi. Sheria ya taifa inataka mafunzo yasiyopungua saa 75 halafu mtihani. Minnesota wanaruhusu mtu mwenye ujuzi kwenda moja kwa moja kwenye mtihani, naye akafanya hivyo. Mtu aliyewahi kuzuia damu ya mwenzake kwa goti lake akasimama mbele ya msimamizi wa mtihani kuonyesha jinsi ya kunawa mikono na jinsi ya kutandika kitanda ambacho mgonjwa bado amelala. Alifaulu. Alirudi akicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja.

Akaja kwenye nyumba ya wazee ninayofanya kazi, zamu ya usiku. Mimi ni nesi aliyesajiliwa, RN, na usiku mara nyingi ni mimi peke yangu mwenye leseni hiyo kwenye upande wetu. Kwa hiyo ndiyo, ni kweli, mimi ndiye ninayemsimamia. Sikuomba, zamu ndiyo iliyopanga.

Kusimamia siyo kukaa kwenye kiti na kutuma watu. Sheria ya uuguzi ya Minnesota inaniruhusu kukasimu kazi fulani, kwa mgonjwa fulani, katika hali fulani, kwa mtu asiye na leseni lakini mwenye uwezo. Neno kukasimu mnalijua kutoka serikalini, waziri anavyokasimu madaraka. Kazi inahama, lawama haihami. Baraza la taifa la mabaraza ya uuguzi lina maswali matano tunayofundishwa tangu shule: je, kazi ni sahihi? Mazingira ni sahihi? Mtu ni sahihi? Maelekezo yametolewa sawasawa? Na usimamizi wenyewe upo? Moja likijibiwa hapana, hukasimu. Na kuna vitu ambavyo havikasimiwi kabisa, hasa ile kazi ya kupima hali ya mgonjwa na kuamua maana yake. Hiyo ni ya nesi.

Hapo ndipo askari wa tiba wanapopata shida, na nimewasimamia watatu sasa, wawili wazawa wa huku. Jeshini wamefundishwa kuamua haraka, sekunde kumi, fanya. Huku CNA anatakiwa kuona na kuripoti. Kijana wiki ya kwanza aliniita akasema, "Mama mdogo, mzee wa chumba cha mwisho ana nimonia." Nikamwambia usinipe jina la ugonjwa, nipe ulichokiona. Akasimama wima kama yuko gwarideni: anapumua mara 28 kwa dakika, mapigo 112, jana aliniita kwa jina langu na leo hanitambui. Wadau, ripoti kama hiyo ni dhahabu! Nilikwenda, nikapima mwenyewe, nikampigia daktari, mzee akapelekwa hospitali usiku huo huo. Jina la ugonjwa akaliandika daktari. Lakini aliyeuona wa kwanza ni nani?

Sasa niwape usiku wenyewe ambao nadhani ndio chanzo cha maneno.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyeharisha siku mbili, amekauka, daktari akaagiza dripu. Mishipa ya bibi wa miaka tisini na kitu mnaijua, inakimbia kama mjusi. Nilijaribu mara moja, mshipa ukapasuka. Nikajaribu mkono wa pili, sikupata. Utaratibu wetu ni mara mbili, ukikosa unamwita mwingine, na mwingine usiku ule alikuwa mtaalamu wa dripu wa kukodi anayekuja kwa gari kutoka mbali. Alifika baada ya saa tatu na nusu. Muda wote huo kijana alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa bibi, anamnywesha maji kwa kijiko kidogo kidogo, anamwimbia nyimbo ambazo bibi hazijui.

Asubuhi tukiwa kwenye gari tunarudi, theluji inaanguka, akasema bila kunitazama, "Mama mdogo, ule mshipa niliuona."

Nikamwambia najua.

Akasema, "Niliuona tangu mlangoni."

Nikamwambia najua, mwanangu.

Hakuongea tena mpaka nyumbani. Nafikiri alimpigia mama yake siku hiyo, na mama akasikia: mwanangu alikuwa na uwezo wa kumsaidia bibi wa watu, na mdogo wangu alimzuia. Dada, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilimzuia kwa kutomwomba, na kesho ikitokea vilevile sitamwomba.

Fikirini upande wa pili. Tuseme anachoma, mshipa unapatikana, halafu usiku dawa inavuja nje ya mshipa, mkono unavimba, ngozi inakufa. Mtoto wa yule bibi anakuja na wakili. Swali la kwanza: nani alichoma? CNA. Kwa ruhusa ya nani? Hapo mimi leseni yangu iko mezani, leseni iliyosomesha nusu ya hao wanaonisema kwenye grupu. Lakini mimi angalau nina baraza la kunisikiliza. Yeye je? Yeye jina lake lingeandikwa kwenye daftari la CNA la jimbo kwa ubaya, na mtu mwenye doa hapo mlango wa afya unafungwa, siyo wa CNA tu, hata ule anaoutafuta mbele.

Na siyo nadharia. Kuna nyumba moja, sitaitaja, niliwahi kufanya kazi zamani. Nesi mmoja akizidiwa alikuwa anamnong'oneza askari wa tiba mmoja mstaafu, "Wewe si ulikuwa jeshini? Nichomee hii haraka." Kijana wa watu akichomeka sifa, anachoma. Siku wakaguzi walipouliza, nesi akasema sijui lolote. Aliyefukuzwa ni yule kijana. Wakati anachoma hakukuwa na karatasi, hakukuwa na maelekezo, hakukuwa na jina la msimamizi. Tangu hapo ndipo nilipoelewa kwamba sheria za usimamizi hazikuwekwa kumlinda mgonjwa peke yake. Zinamlinda pia aliye chini. Anayesimamiwa ana mtu wa kuwajibika pamoja naye. Asiyesimamiwa ndiye anayebebeshwa mzigo wote.

Kwa hiyo mimi kwa askari wa tiba nina sheria zangu tatu, na kijana nilimpa siku ya kwanza bila kujali undugu. Moja, uniambie kila ulichofundishwa, nijue nina nani usiku huu. Mbili, usifanye kazi ya leseni ya mtu kwa kunong'onezwa, hata nikikunong'oneza mimi. Tatu, kwenye dharura fanya kile ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kufanya, na ukifanye vizuri kuliko wote.

Ya tatu ilionekana mwezi uliofuata. Mzee anayesafishwa damu kwa mashine, mshipa wake wa mkononi ulifunguka saa nane usiku. Damu ya mshipa ule haichuruziki, inaruka. Mimi nilikuta kijana ameshabonyeza kwa vidole viwili palepale penye tundu, mkono wa mzee umeinuliwa, anaongea naye taratibu kuhusu mpira wa Vikings. Hakuna sheria inayokataza mtu kubonyeza damu, huku wanafundisha hata watoto wa shule. Nikapiga 911. Hakuachia mpaka watu wa gari la wagonjwa walipoweka mikono yao juu ya yake. Mzee alirudi baada ya siku nne. Sasa niambieni, usiku ule alikuwa CNA au askari wa tiba?

Siyo kwamba naona mambo yote ni sawa. Nchi inamfundisha mtu kwa fedha nyingi, halafu inamwambia aanze kwenye beseni. Wenyewe wanajua ni hasara, na kuna sehemu wamejaribu kutengeneza mwavuli mpya. Idara ya Maveterani, hiyo hiyo yenye hospitali kubwa pale karibu na Fort Snelling ambapo treni ya Blue Line inasimama, ilianza 2012 kwa majaribio kuajiri askari wa tiba wa zamani kwenye vyumba vya dharura. Wanaitwa ICT, wanashona vidonda na kuweka dripu, chini ya daktari. Jimbo la Virginia nalo 2016 lilianzisha mpango wa askari wa tiba waliotoka jeshini karibuni. Wanafanya walichofundishwa katika hospitali zilizojiunga, daktari anawasimamia, na kwa kazi za uuguzi anaweza kuteuliwa nesi aliyesajiliwa. Sheria yao inasema wazi kwamba msimamizi ndiye anayebaki na jukumu la mgonjwa. Mnaona? Hata huko hawakuondoa usimamizi. Wameuandika tu, ukawa na jina la mtu. Nyumba yangu ingekuwa na karatasi kama hiyo, bibi yule asingesubiri saa tatu na nusu.

Na sasa habari njema, ambayo kwenye grupu haijafika. Kijana anasoma. Mchana, baada ya kulala saa nne, anakwenda North Hennepin Community College hapa hapa Brooklyn Park, na fedha inatoka kwenye mpango wa elimu wa maveterani, ule unaoitwa GI Bill, miezi 36. Anachotafuta ni kuwa PA, msaidizi wa daktari. Nyinyi mfikirieni tabibu wetu wa zahanati: anampima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaandika dawa. Kazi hiyo huku ilizaliwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mwaka 1965 Dk. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, alichukua wanafunzi wa kwanza 4, wote askari wa tiba wa zamani wa jeshi la majini. Watatu wakahitimu tarehe 6 Oktoba 1967. Yaani tatizo la kijana wetu lina umri wa miaka sitini, na dawa yake pia.

Hapa Minneapolis Augsburg wanafundisha PA, pale karibu na Cedar-Riverside wanapokaa Wasomali wengi. Vyuo hivyo vinataka digrii ya kwanza, na vinataka saa ulizokaa na wagonjwa. Saa za Afghanistan zinaonekana. Saa za kuosha wazee nazo zinaonekana. Beseni lile mnalolicheka linahesabiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, si ndivyo bibi alivyotufundisha?

Na akifika huko bado atasimamiwa. Minnesota ilibadilisha sheria 2020, PA hahitaji tena mkataba wa kukasimiwa na daktari mmoja. Lakini aliye mpya lazima kwanza afanye saa 2,080 chini ya makubaliano ya ushirikiano, mahali ambapo madaktari na PA wanafanya kazi pamoja. Pigeni hesabu: saa 40 kwa wiki, mwaka mzima. Hakuna aliyeona ni matusi.

Dada, najua unasoma, maana mtoto wa kaka ameniambia anakufungulia. Mwanao hajashuka. Amebadilisha mwavuli, na huu wa sasa ni mdogo, unavuja, na kwa bahati umeshikwa na mimi. Simbanii. Siku atakapokuwa na leseni yake nitakuwa wa kwanza kumwita usiku mishipa ikinikimbia, na nitampisha kitini. Mpaka siku hiyo hatagusa sindano kwenye zamu yangu. Pokea simu nikueleze mengine ambayo siyo ya kuandika hapa.

Wengine wote, mkimpigia kijana, msimwulize lini atarudi kuwa daktari. Mwulizeni mtihani wa anatomia ulikwendaje. Ni wiki ijayo, na ana wasiwasi.

Haya, niishie hapa, zamu inaanza saa tano usiku na gari lazima lipashwe moto dakika kumi kabla ya kuondoka. Wasalimieni wote Morogoro, na aliyechukua ile jaketi niliyomtumia babu airudishe. Tuko pamoja.